Jumapili Rimoti Ilipogoma

Mama Nkwabi hakuweza kuvumilia kuona kitu kikiwa uchi. Redio, mtungi wa maji, kiti cha mgeni, hata mkate uliowekwa mezani kusubiri chai, vyote machoni pake vilikuwa vinaona aibu, na dawa ya aibu ilikuwa kitambaa. Alivifuma, alividarizi, alivitia wanga na kuvinyoosha kwa pasi ya mkaa. Ukimkaribisha chai leo, kesho anakuletea kitambaa cha kufunikia birika. Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta pale Kirumba, huku juu mlimani kwenye mawe, na mpaka leo nyumbani kwangu hakuna chombo kinacholala bila nguo. Nilikwisha kuacha kubishana naye.

Jina lake hasa ni Mhoja. Alizaliwa upande wa Bujora, akaolewa Kisesa na marehemu Machibya, na Machibya alipofariki akamfuata dada yake mjini, akapanga chumba kimoja akae na mwanawe wa pekee, Nkwabi. Asubuhi alishuka soko la samaki la Mwaloni na kapu lake la vitambaa. Hakuuza dagaa wala sangara. Aliwauzia wake za wenye samaki. Miaka ile ya soko huria watu walijenga nyumba haraka kuliko walivyojua kuzipamba, na Mama Nkwabi ndiye aliyezivisha sebule zao. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno lakini mkaidi wa moyo. Ukimwambia hapana, atakuitikia vizuri kabisa, kisha atafanya lile lile alilokusudia tangu mwanzo.

Ukaidi huo ndio uliomfanya akatae kwamba mwanawe amekufa.

Nkwabi aliondoka wakati vijana wengi walipokuwa wakiteremka Afrika ya Kusini, kwa kuwa nchi ile ilikuwa imefunguka na kila mtu alisema kazi huko unaiokota tu. Mwanzo salamu zilifika kwa midomo ya wasafiri. Baadaye zikapungua, halafu zikakatika. Siku moja akatokea mtu Kisesa akasema kuna mgodi uliporomoka, na Nkwabi alikuwa ndani, na waliokuwa ndani hawakutolewa. Yeye mwenyewe hakuona. Aliambiwa na aliyeambiwa. Kwa Mama Nkwabi huo ulikuwa uvumi. Kwa wakwe zake zilikuwa habari za msiba.

Nao hawakuwa na sababu ya kutafuta balaa. Pale nyumbani Kisesa ndama walikuwa wanakufa, na mjukuu wa Shimba alikuwa anaanguka kifafa. Wazee waliulizia kwa waganga, wakajibiwa kwamba kuna mfu wao yuko nje, hajalazwa. Shimba ndiye mdogo wa marehemu Machibya, kwa hiyo mzigo ulikuwa wake. Akapanga Jumatatu. Kwa kuwa mwili haupo, ingezikwa nguo ya Nkwabi, ndugu wangenyolewa, na jina lake lingefungwa. Katika ukoo ule, mtu akishafungwa jina hasubiriwi tena. Hata akija kwa miguu yake akasimama kwenye zizi la baba yake, atapewa kiti na maji kama mgeni yeyote, na hata mama yake mzazi hatathubutu kumwita kwa jina.

Naomba nisieleweke vibaya, Shimba hakuwa mtu mbaya. Alisaidia kumlea yule kijana baada ya baba yake kufa, kila alipokwenda Kisesa likizo, na ndiye aliyemfundisha kupiga ngoma. Mara nyingi alikuja Kirumba kumwomba shemeji yake nguo moja tu ya mtoto, shati hata kama limechanika. Mama Nkwabi alimpa chai, akampa maji ya kuoga, akamfulia hata koti. Nguo hakumpa.

Sasa aingie Leonsia. Huyu sisi tulimwita Mama Koku, Mhaya wa kule Kagera, mke wa Bwana Kaijage aliyekuwa mhasibu kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki. Walikuwa Walutheri wenye heshima zao, na dishi la kwanza kwenye mlima wetu lilisimama juu ya bati lao. Jumapili moja, baada ya kutoka ibada ya kwanza, Mama Koku alikuwa sebuleni anamenya ndizi, na kwenye televisheni kulikuwa na ibada ya kanisa moja la Johannesburg inayoonyeshwa kila Jumapili saa tano. Kamera ikapita juu ya kwaya, na kule nyuma kwenye ngoma Mama Koku akamwona Nkwabi. Hakuwa mgeni machoni pake. Nkwabi ndiye aliyewajengea ukuta wa jiko na kula ndizi zake siku zote za ujenzi. Kisu kilimwanguka. Alipomweleza mumewe, Kaijage alimjibu kwamba Waafrika wako wengi Afrika ya Kusini. Basi akamwacha na hesabu zake, akaja kwa Mama Nkwabi.

Nilikuwepo alipomweleza. Mama Nkwabi hakupiga ukelele. Alikaa chini taratibu, akauliza Nkwabi alikuwa amevaa nini, na kama amekonda.

Habari zikapelekwa Kisesa, na Shimba akakubali kuja Jumapili iliyofuata, siku moja kabla ya shughuli, aone kwa macho yake mwenyewe. Kwa maneno ya mwanamke aliyeona mfu ndani ya kioo asingeweza kuwarudisha watu waliokwisha kualikwa, na hapo hakukosea. Alileta sharti, na sharti lenyewe alilisema mbele yetu: akimwona Nkwabi, yule ng'ombe dume aliyetengwa kuchinjwa kwa shughuli anarudi malishoni, asipomwona, anapewa nguo. Mama Nkwabi akaitikia. Safari hii aliitikia kweli kweli, na mimi ninayemfahamu nikaogopa.

Jumamosi Kaijage aliijaribu mitambo yake. Kila kitu kilikuwa sawa. Aliitafuta ile stesheni ya kanisa, akaiona, akaridhika, halafu akahamia kwenye michezo, maana mwanamume akishashika rimoti hawezi kuiacha palipo na faida. Jioni akazima televisheni. Mara akaingia Mama Nkwabi na kitambaa.

Hicho kitambaa nilikuwa ninakijua kwa kusikia tu. Alikidarizi kwa ajili ya harusi ya Nkwabi, kabla hata mchumba hajapatikana, akakitunza kwenye sanduku lake mbali na nondo na watu. Kilikuwa na korongo weupe na maua mekundu, kimetiwa bitana ya satini, na upande wa mbele kina shanga zilizoshonwa nyingi ili kianguke vizuri kisipeperuke. Alikitoa kwa sababu alichokuwa anakiomba kwenye nyumba ile kilikuwa kikubwa, na kwao Mhoja hakuna mtu aombaye kikubwa mikono mitupu. Akatazama sebule yote. Makochi yalikuwa yamevaa, meza imevaa, televisheni imevaa, vyote kazi ya mikono yake. Dekoda peke yake, ile mpya iliyokaa rafu ya chini, ndiyo ilikuwa uchi. Akaivisha. Akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akanyoosha shanga. Mama Koku alimshukuru kwa mikono miwili, na hata Kaijage alisifu.

Jumapili ikafika. Shimba aliingia mapema, amevaa koti lake la kanisani. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba, na Mama Nkwabi akamwambia mwangaluka kwa Kisukuma, naye akaitika kwa sauti ya chini. Alipokuwa anatafuta leso mfukoni akatoa rozari, kisha kijikaratasi kilichokunjwa, akakiweka mezani. Kilikuwa wembe mpya, bado na karatasi yake. Sote tulijua ni wa nini. Mama Koku alihamisha sahani ya karanga ikae mbele yake, lakini hata ukiufunika wembe kwa sahani, bado upo.

Kaijage akawasha televisheni. Kukawa na Wazungu waliovaa nguo nyeupe, wamesimama kwenye nyasi. Mmoja alikimbia akarusha mpira, mwingine akaugusa kwa ubao, halafu wote wakapumzika. Kaijage akatuambia huo ni mchezo wa kriketi, sasa hivi anahama. Akabonyeza. Wazungu wakaendelea kupumzika.

Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa. Akasogea karibu. Akanyoosha mkono juu, akaunyoosha chini. Rimoti ile ilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, imekazwa kwa raba isiingie vumbi. Akaivua nailoni, akaifuta kwa shati. Hakuna kilichobadilika. Mama Koku alishauri betri. Zikatolewa, zikasuguliwa, zikawekwa dirishani zipate jua, na tulipoona jua linachelewa nikakimbia dukani mimi mwenyewe kuleta mpya. Betri mpya nazo zikawa sawa na za zamani. Dekoda yenyewe haikuwa na kitufe hata kimoja; walioitengeneza waliamini kwamba rimoti haitagoma kamwe, na mimi ningependa kukutana nao.

Kaijage akachomoa waya ukutani, akasubiri, akachomeka. Televisheni ikawa nyeusi, tukakaza macho, kisha wakarudi wale wale wa nyeupe. Shimba alitazama saa ya ukutani, halafu akatazama miguu yake. Jasho lilimtoka Kaijage mpaka kwenye kola. Mtu huyo alizoea tarakimu zinazomtii, na sasa kitu kidogo cha plastiki kilikuwa kinamvunjia heshima mbele ya wageni. Namwonea huruma sasa. Siku ile nilimkasirikia. Ni nani aliyemtuma kuhama stesheni Jumamosi?

Nikatumwa Mwaloni kumwita Elias, fundi redio. Nilishuka ule mlima mbiombio, nikamkuta anakunywa uji, nikamnyanyua na kikombe chake. Elias aliingia, akaamkia wazee, akaomba redio ndogo. Akaiweka kwenye masafa ya kati pasipo na stesheni, akaisogeza karibu na rimoti, akabonyeza. Redio ikatoa mkwaruzo, tr-tr-tr. Akabonyeza tena, ikakwaruza tena.

"Rimoti ni nzima," akasema. "Inaongea. Ni dekoda ambayo haitaki kuisikia."

Kwa maoni yake vitu hivi viwili vilikuwa vimepotezana. Dekoda, alisema, pengine kwa kukatika-katika kwa umeme, imesahau namba ya rimoti yake, na haiwezi kumtii isiyemjua. Dawa ni kuvioanisha upya. Alikuwa na rimoti nyingine kwenye mfuko wa kaki, ile ya Wachina inayokubali kila chombo. Kazi ni kuijaribisha namba moja baada ya nyingine mpaka ifikie ile ambayo dekoda inaijua. Kijana hakutudanganya, hayo yote yanawezekana, na alifanya kazi kwa bidii. Alipita nyuma ya rafu, akainua kile kitambaa kidogo kwa upande wa nyuma, akaangalia nyaya, akazikaza. Alipomaliza, Mama Koku akainama akakirudisha kitambaa kikae sawa, kwa sababu zawadi ya mtu haiachwi imepinda wakati mwenyewe amekaa anaiangalia. Baadaye Kaijage akakigusa kwa bahati mbaya na mguu, na Mama Nkwabi mwenyewe akanyanyuka, akazinyoosha shanga, akarudi kukaa.

Mnanielewa. Kirumba kwetu hakuna anayekiona kitambaa. Kitambaa ni kama rangi ya ukuta; kipo tu.

Elias alibonyeza namba, akatazama Wazungu, akabonyeza namba nyingine. Saa tano ikapita. Hakuna aliyeisema, lakini ulisikia chumba kizima kikivuta pumzi. Huko Johannesburg walikuwa wameanza kuimba, na sisi tulikuwa tumefungiwa nje kwa kitu kisichofika ukubwa wa kipande cha sabuni. Kaijage alikuwa ameshika ile rimoti ya zamani, anabonyeza na yeye upande wake, bila mpango. Mama Koku alianza kusali kwa Kihaya, chinichini. Mimi nilitazama mikono ya Mama Nkwabi. Siku zote mikono ile ilikuwa na sindano. Siku ile ilikuwa imelala kwenye mapaja, haina kazi, na ilinitisha kuliko wembe.

Elias alimaliza namba zote, akaanza upya. Akasema kwa aibu kwamba kuna fundi mwingine mjini mwenye mashine zaidi, lakini Jumapili hafungui.

Ibada nayo haikuwa inatungoja. Mama Koku, aliyezoea kuiangalia, alisema sasa watakuwa kwenye mahubiri. Baadaye kidogo akasema sasa mahubiri yamekwisha. Nilitamani anyamaze, na alipoyasema ya mwisho, kwamba wanakaribia baraka na kutoka, hata yeye alitamani asingesema.

Shimba akasimama. Alisimama kwa uzito, kama mtu anayejitwika gunia.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuja kukukomoa. Ningekuwa na njia ningemsubiri mpaka nife. Lakini kule kuna watoto, na watu wameshafika. Hii limoti ya watu imekataa, na sisi hatuwezi kumuuliza Mungu kwa nini. Nipe nguo ya mtoto."

Kaijage akafungua mdomo, pengine aombe wasubiri wiki nyingine, lakini Shimba alimtazama akaufunga. Shughuli ya kifo haisogezwi kwa ajili ya televisheni, na hilo hata Mhaya alilijua.

Mama Nkwabi aliitikia kwa kichwa. Akasema kwamba nguo ya Nkwabi hana. Alizichukua zote alipoondoka, na lile shati moja alilolisahau alilivaa yeye mwenyewe ndani ya gauni lake mpaka likaisha. Nilimfahamu miaka yote ile na sikulijua hilo. Machozi yalinitoka pale pale na sikuyaficha.

Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu. Akapiga magoti.

"Hiki nilikidarizi kwa ajili ya harusi yake," akasema. "Mama Koku, unisamehe, mwanangu. Zawadi hairudishwi, ninajua. Ila sina kingine cha kumzikia."

Akakishika kwa pembe mbili, akakiinua kutoka juu ya dekoda, akakikumbatia.

Televisheni ikaruka. Wazungu wa nyeupe wakapotea, akaja mtu anayesoma habari, halafu katuni, halafu mtu anayepika. Kaijage alikuwa bado anabonyeza, kidole chake kimekwisha kuzoea kutojibiwa, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye anayefanya vile. Elias alitazama mkononi mwa Kaijage, akatazama kitambaa kifuani kwa mama, akatazama kile kidirisha cheusi kwenye uso wa dekoda, kidogo kama kucha, ambacho tangu jana jioni kilikuwa nyuma ya shanga na satini. Akajishika kichwa. Nikamsikia akisema peke yake kwamba jicho lilikuwa limefunikwa, jicho la watu lilikuwa limefunikwa. Mama Koku hakumngoja amalize. Alimpokonya mumewe ile rimoti, akapiga namba ya stesheni, akakosea, akapiga tena.

Kanisa likajaa kwenye kioo. Watu walikuwa wamesimama, mchungaji ameinua mikono, na akaishusha. Baraka zilikwisha. Watu wakaanza kutoka, na kwaya ikaanza wimbo wa kutokea.

Kamera ilikuwa mlangoni, inaonyesha kofia za akina mama. Kofia zikapita nyingi, za kila rangi. Mama Nkwabi alikuwa bado kwenye magoti, uso karibu na kioo, kitambaa amekibana. Nilitaka kumpiga yule mshika kamera. Kofia, kofia, mtoto, kofia.

Kisha Shimba akainua mkono kama anayetunyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa anatazama televisheni hata kidogo, alikuwa anaisikiliza. Chini ya ule wimbo kulikuwa na ngoma.

"Huyo anatanguliza kushoto," akasema.

Kamera ikageuka. Ikapita safu ya mbele, ikapita ya pili, ikapanda nyuma, na pale palikuwa na kijana mrefu mwenye ndevu, amevaa joho la kijani, anapiga ngoma huku ameinamisha shingo upande mmoja kama baba yake. Mkono wa kushoto ulitangulia na wa kulia ukafuata. Alikuwa amekonda, ndiyo. Alikuwa anacheka na mtu aliye pembeni yake, ambaye hatukumwona.

Mama Nkwabi aliweka kiganja kwenye kioo. Hakuita jina. Kamera ilikaa pale, Mungu ambariki yule mshika kamera, ikakaa mpaka nikayahesabu maungo ya uso wake na kuridhika, kisha ikahamia kwenye dirisha la kanisa, na baada ya dirisha likaja tangazo la sabuni.

Shimba alikaa chini. Alikaa vibaya, nusu ya kochi, na koti likamkunjamana.

"Nilimchapa sana kwa ule mkono," akasema. "Nilisema ngoma haianzwi kwa kushoto. Nilimchapa, na hakuuacha." Akajifuta uso kwa rozari badala ya leso, na wala hakutambua.

Furaha ikaja baada ya hapo, tena kwa fujo. Mama Koku alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Kaijage alimshika Elias mkono akamwambia yeye ni fundi hodari kweli kweli, na Elias, ambaye hakufanya chochote, akakubali. Mtu akauliza tatizo la rimoti lilikuwa nini. Hapo ndipo Elias alipoeleza, kwa adabu, bila kumtazama mwenye kitambaa, kwamba rimoti huongea kwa mwanga, na dekoda ina jicho la kuuona, na jicho likivishwa nguo halioni kitu.

Mama Nkwabi alisikia. Furaha ilikuwa bado usoni, na hofu ikaingia juu yake, nikaziona zote mbili kwa pamoja. "Kumbe ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyemfunika mwanangu. Ningekaa pale nikiwatazama Wazungu mpaka mwisho, kisha ningempa mtu kitambaa akamzike." Mama Koku akampigia magoti, akamshika mabega, akamwambia kwamba aliyefunika ndiye huyo huyo aliyefunua, basi ayaache. Ni maneno ya kawaida, lakini yalimfaa.

Halafu akajifuta macho, akakitandaza kile kitambaa kwenye mkeka, akakigeuza upande wa bitana, akakitazama kwa jicho la kazi. Nilijua anachofikiri. Dekoda ilikuwa uchi tena, na yeye alikuwa yule yule.

"Shemeji," akasema, "nipe huo wembe."

Shimba alisita. Kisha akasogeza sahani ya karanga, akachukua kile kijikaratasi, akakikunjua mwenyewe, akampa. Mama Nkwabi akakaa mkekani, miguu ameinyoosha, akafumua uzi wa mbele mshono kwa mshono. Shanga zilidondoka, na Mama Koku akaziokota kwenye kikombe. Akaondoa bitana, akakata ukingo wote wa mbele, akakunja, akapiga pindo upya kwa sindano aliyokuwa nayo kwenye kola ya gauni lake kama kawaida. Korongo mmoja alipoteza miguu. Akakirudisha juu ya dekoda, safari hii kimeishia kwenye ukingo wa juu, kile kidirisha cheusi kiko wazi, akamwambia Kaijage ajaribu. Kaijage akajaribu. Ikatii.

Shimba alikuwa anaondoka ili awahi kuwaambia watu Kisesa waende makwao. Mama Nkwabi akamfuata mpaka mlangoni, akampa wembe wake ndani ya karatasi ile ile. Ulikuwa umekata satini na nyuzi mchana ule, usingeweza tena kunyoa kichwa cha mtu.